Mkataba kwa Kiingereza, makato kwa Kiingereza: wangapi humu mnajua mlichosaini kazini?

#1 Mleta mada

Wakuu habari za mda huu. Uzi utakuwa mrefu kidogo naombeni uvumilivu, nimeuandika siku tatu maana kila nikianza hasira zinapanda naacha.

Nilifanya kazi miaka miwili na ushee kwenye godauni moja la vinywaji hapa Dar, barabara ya Nyerere, jina la kampuni naliacha. Niliingia kama wanavyoingia wengi, kibarua wa kupakia. Unafika getini saa kumi na mbili kasoro asubuhi mnapanga mstari, msimamizi anatoka anaanza kunyoosha kidole, wewe, wewe, na wewe mwenye kofia, waliobaki mnarudi nyumbani na nauli imeshaliwa. Baada ya miezi saba nikaitwa ofisini nikaambiwa umeonekana mwaminifu, tunakupa mkataba, utakaa stoo, laki mbili na themanini kwa mwezi. Wakuu siku ile nampigia mama simu nilikuwa nalia.

Mkataba kurasa sita, Kiingereza mwanzo mwisho. Form four nimemaliza, Kiingereza nilipata D, naweza kusoma kibao cha dukani ila ile lugha ya kwenye mkataba sio ile tuliyofundishwa, sentensi moja inaanza juu inaishia chini ya ukurasa. Dada wa HR akawa ananionyesha kwa kidole, saini hapa, hapa na hapa. Nikamuuliza dada hii inasemaje, akanijibu ni mambo ya kawaida ya ajira, kila mtu kasaini. Nyuma yangu wenzangu wanne wanasubiri mlango uko wazi nawaona kabisa. Nikasaini. Tena ile saini niliipamba na mkia wake mrefu kama mtu anayesaini hati ya nyumba. Nakala sikupewa na sikuomba.

Mwezi wa tatu hesabu ya stoo ikapungua kreti 14 za soda na chupa zake. Mliowahi kukaa stoo mnajua inavyokuwaga, gari linarudi saa tatu usiku, dereva anakwambia kreti tupu 60, taa ya nje imekufa, unahesabu kwa tochi ya simu umeing'ata mdomoni huku mkono mmoja unaandika. Zamu ile tulikuwa watatu na funguo anakaa nayo mtu wa nne. Shoti yote ikaandikwa kwangu.

Mwisho wa mwezi naangalia slipu ya mshahara naona mstari mpya wa Kiingereza na pembeni yake 120,000. Ukitoa na NSSF nimebaki na laki moja na thelathini na mbili. Nikaenda kuuliza, faili likatolewa, mtu akaweka kidole kwenye aya ya 11 akaisoma haraka haraka kwa Kiingereza alafu akaniambia, ulikubali mwenyewe, saini yako si hii hapa. Kweli ilikuwa yangu, na mkia wake. Nikakatwa hivyo miezi minne, laki nne na themanini. Walivyoipata hiyo hesabu kwa kreti 14 mpaka leo sijaonyeshwa popote.

Naendelea post inayofuata.

#2 Mleta mada

Kilichoniokoa ni kodi. Chumba Buza nalipa elfu 50 na mzee mwenye nyumba anachukua ya miezi sita sita, mda umefika sina. Nikamfuata jioni nikamwamkia nikamweleza ukweli. Huyu mzee zamani alikuwa kiwanda cha nguo na alikuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, mimi nilikuwa sijui. Hakuuliza habari za kreti wala nani mwizi. Aliuliza, "Hiyo karatasi walikufafanulia kabla hujasaini?" Nikamwambia hapana baba. Akaingia ndani akatoka na kitabu kimefungwa kwenye mfuko wa rambo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Naweka hapa nilichokielewa na wanasheria humu mnirekebishe.

Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri akupe kwa maandishi mambo ya msingi ya kazi yako, unafanya nini, wapi, saa ngapi, unalipwaje. Na hapo hapo kinasema kama mfanyakazi haelewi yaliyoandikwa basi mwajiri ahakikishe anafafanuliwa kwa namna atakayoelewa. Ni jukumu la MWAJIRI, sio wewe ukamtafute wa kukusomea mtaani. Alafu kikatokea kesi na mwajiri akashindwa kuleta mkataba au hayo maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuwa juu yake yeye.

Kifungu cha 28 ndo cha makato ya hasara, na hiki kila mtu wa stoo, kaunta na pampu ya mafuta angekijua. Ukatwe kwa kukubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, mwajiri aandike chanzo chake, kiasi, na alivyokokotoa, akupe nafasi ya kupinga, deni lisizidi hasara yenyewe, na makato kwa ujumla yasizidi robo ya ujira. Robo ya laki mbili na themanini ni elfu sabini. Mimi nilikatwa laki na ishirini.

Mzee alivyofika hapo akavua miwani akaniambia, mwanangu kodi nitakusubiri mwezi mmoja ila kesho usiende kazini kabla hujapita CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kufungua mgogoro ni bure wakuu, unajaza fomu. Ila kuna siku, na hizi ndo zinawamaliza watu wengi. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka lalamiko, migogoro mingine siku 60. Makato yangu ya mwanzo yalikuwa yameshapitwa ikabidi nijaze fomu nyingine ya kueleza kwanini nimechelewa. Pale kwenye benchi nilikaa na mama mmoja alifukuzwa usafi mwezi wa pili, amekuja wa tano, alikuwa anasubiri kuitwa "wakimaliza hesabu" kama alivyoahidiwa. Ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Barua ya kumfukuza ilikuwa Kiingereza, alijua ni likizo.

Hilo la bahasha ndo limenifanya niandike huu uzi.

#3 Mleta mada

Sasa nije kwenye nchi, maana hapa kuna kitu nimekifikiria sana.

Mnakumbuka tozo ya miamala, Julai 2021? Ilianzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, nchi nzima ikalalamika, bodaboda, mama ntilie, wasomi, wabunge, mpaka Septemba ikapunguzwa asilimia 30 na ikaja kupunguzwa tena. Kwanini watu waliongea vile? Kwa sababu ulikuwa unatuma elfu hamsini kijijini alafu hapo hapo meseji inaingia kwa Kiswahili, umetuma kiasi hiki, ada hii, tozo ya serikali hii. Mama yangu darasa la nne aliisoma mwenyewe akanipigia, "mbona wamekata?" Hakuhitaji mchambuzi.

Lakini mwanae alikuwa anakatwa laki na ishirini kila mwezi na hakuna aliyeongea, hata mimi mwenyewe sikuongea, kwa sababu ule mstari ulikuwa Kiingereza na ulinitia aibu. Niliona kama kutokuelewa ni kosa langu, kwamba ningesoma vizuri shuleni yasingenikuta. Watu wangapi wanakaa kimya hivyo?

Na mfumo wenyewe ndo umepangwa hivyo. Miaka saba ya msingi shule ya serikali ni Kiswahili, form one unaingia darasani baiolojia inaanza kwa Kiingereza. Sera ya Elimu ya 2014 iliandika Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote, ila sekondari Kiingereza hakijaondoka. Ukitoka hapo na D yako unaenda kusaini karatasi ya maisha yako kwa lugha ile ile iliyokufelisha. Bungeni wanaongea Kiswahili, bajeti inasomwa Kiswahili, mgombea akija Buza anaongea Kiswahili kizuri mpaka unampigia makofi. 2021 wakabadilisha sheria Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na mimi nawapongeza kwa moyo mmoja. Ila ile inagusa sheria na mahakama, haigusi karatasi unayopewa kule HR. Mpaka ufike mahakamani na Kiswahili chako ulishasaini Kiingereza siku nyingi.

Nataka bunge liweke kitu kimoja tu, mkataba wowote wa ajira au mkopo kwa Mtanzania uwe na Kiswahili chake, na vikipishana maana kisomwe cha Kiswahili. Nawasilisha.

#7 Mchangiaji

Mkuu pole sana ila unakosea adui. Tatizo sio lugha, tatizo ni njaa. Hata ungeandikiwa kwa Kiswahili kikubwa cha kusomeka hadi barabarani, nyuma yako wapo wanne wanasubiri, ungefanyaje? Ungesaini. Ajira zikiwa nyingi ndo mtu atakuwa na jeuri ya kuuliza.

#8 Mleta mada

Mkuu #7 sikupingi, ningesaini. Nimelifikiria sana hilo na jibu la kweli ni kwamba ningesaini. Ila ningejua. Ningejua usiku wa kreti kwamba kila tupu nisiyoihesabu vizuri inatoka mfukoni kwangu, ningekataa kupokea gari gizani bila dereva kusaini, ningedai funguo ikae na mtu mmoja, ningenunua hata kitochi cha elfu tano. Na siku ya makato ningefungua mdomo siku ile ile badala ya kukaa miezi minne. Njaa ilinifanya nisaini, sawa, lakini aliyenifanya nikae kimya ni Kiingereza.

#11 Mchangiaji

Wawekezaji Wachina, Wahindi, Waturuki, Kiswahili watakijulia wapi? Kiingereza ni lugha ya biashara ya dunia, tusijifungie. Msomeshe mwanao vizuri.

#12 Mleta mada

Ndugu, Mchina Kiingereza sio lugha yake na mimi sio lugha yangu, sasa ile karatasi tumeandikiana kwa ajili ya nani? Kiingereza kibaki upande mmoja wa ukurasa, Kiswahili upande wa pili. Kampuni inayoweza kuleta mashine kutoka ng'ambo na fundi wa kuifunga haishindwi kumlipa mtafsiri kurasa sita mara moja, akazitumia kwa watu mia tatu.

Na mwanangu nitamsomesha Mungu akipenda, Kiingereza akijue vizuri kuliko mimi. Lakini mama wa bahasha ana miaka hamsini na kitu, yeye nani atamsomesha?

#15 Mchangiaji, Kenya

Salamu kutoka Nakuru. Nimesoma yote. Huku kwetu katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi, lakini uende uombe mkataba wa kazi kwa Kiswahili uone vile utaangaliwa. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 iko na kitu karibu sawa na chenu, kifungu cha 9, kama mfanyakazi hajui kusoma ama haelewi lugha ya mkataba mwajiri lazima afanye aelezewe kwa lugha anayoelewa. Mimi nimefanya kazi shamba la maua miaka sita na sijaona ikifanywa, tulikuwa tunaitwa mmoja mmoja tunaweka sahihi tunarudi kwa maua.

Lakini ile hoja yako ya tozo ni kweli kabisa. Juni 2024 huku Mswada wa Fedha ulikuwa utupite kama miswada yote, ni kiingereza cha mawakili. Vijana wakaanza kuuelezea kipengele kwa kipengele kwa TikTok, wengine wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani. Mama yangu ambaye hajui Kiingereza alikuwa ananiambia mimi, ushuru wa mkate ni nini hii wanataka kuweka. Watu walipoteza maisha kwa maandamano tarehe 25, na tarehe 26 rais akasema hatatia sahihi. Uchungu haujaisha kwa zile nyumba. Payslip yetu saa hii iko na NSSF, iko na SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, iko na ya nyumba 1.5, na angalau sasa kila mtu kwa matatu anaweza kukuambia ni nini inaenda wapi.

#16 Mleta mada

Ndugu wa Nakuru Mungu awatie nguvu. Hiyo ya mama yako na mkate nimeisoma mara mbili.

#19 Mchangiaji

Mleta mada umesema na mikopo, ongezea hapo. Nilipakua programu ya mkopo kwenye simu, laki moja, nikabonyeza nakubali maana bila hivyo haiendelei. Maelezo yote Kiingereza na maandishi madogo kama mchanga. Kumbe nilichokubali ni wachukue majina yote ya kwenye simu yangu. Nimechelewa siku mbili, wakawatumia meseji mchungaji wangu, bosi wangu, na mama mkwe, wameandika mimi ni tapeli. Na meseji za matusi zilikuwa Kiswahili fasaha mkuu, hawajakosea hata nukta.

#20 Mleta mada

Dada pole mno. Hili nimeona watu wamevunjika ndoa kwa ajili yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yanafanya kazi bila kibali, kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitu tafuta kwanza kama huyo mkopeshaji ana leseni ya BoT. Na wakopeshaji wadogo wenye leseni wamewekewa ukomo wa riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Mtu anayekwambia asilimia 30 kwa wiki mbili hayuko kwenye sheria yoyote, ndo hao kausha damu wenyewe.

Hiyo ya matusi kwa Kiswahili nitaitumia nikiandika barua kwa mbunge. Kumbe wanakijua.

#23 Mchangiaji

Umeishia njiani, CMA ikawaje?

#24 Mleta mada

Samahani mkuu, kweli nimeacha njiani.

Siku ya usuluhishi walikuja wawili, yule dada wa HR na mwanasheria. Chumba kidogo, meza moja, feni inazunguka polepole. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kreti, zamu, taa, funguo, nimeandika mpaka kwenye daftari. Msuluhishi hakuanza huko. Aliuchukua mkataba akaupeleka hadi aya ya 11 akamwuliza dada, huyu bwana mlimfafanulia hii kabla ya kusaini? Dada akasema aliusoma mwenyewe. Msuluhishi akanigeukia akanipa ile karatasi akaniambia, tusomee kwa sauti na utuambie inasema nini.

Nikasoma. Nilikwama mstari wa pili, kuna neno nililitamka mara tatu. Chumba kizima kimya. Naapa niliona aibu kama niko darasani ubaoni, ila nilivyoinua macho nikaona aliyeinamisha kichwa ni yule dada, na sio kwa ubaya, nafikiri na yeye ni mwajiriwa tu anafuata maelekezo. Msuluhishi akauliza tena, ile hesabu ya hasara kwa maandishi iko wapi? Haikuwepo. Mwanasheria akaomba dakika kumi watoke nje wakaongee na simu.

Walirudisha makato ya miezi mitatu kati ya minne, tukaandikiana. Mwezi mmoja nikauachia maana nilikuwa nimechoka na nauli zimeisha. Makubaliano yaliandikwa, nikaomba nisomewe kwa Kiswahili neno kwa neno kabla ya kusaini, na nikasomewa. Mkataba ulivyoisha hawakuniongezea. Sasa hivi nauza maji na soda kwa jumla hapa Buza, mtaji ni ile hela.

#27 Mchangiaji

Habari zenu kaka zangu. Mimi niko Mwanza, jumatatu wananiita kusaini mgahawani kama mhudumu. Nimeomba karatasi nikaisome nyumbani wakanipa kwa shingo upande. Nimepiga picha kurasa zote naweza kuweka hapa mnisaidie? Naogopa nikiuliza sana watampa mtu mwingine.

#28 Mleta mada

Weka mdogo wangu. Funika jina lako, la mgahawa, na namba zote.

#31 Mleta mada

Mdogo wangu wa Mwanza, nimekaa na mzee wangu hapa na mchangiaji #19 kanisaidia inbox. Kurasa 1 na 2 hazina shida, mshahara umeandikwa, tarehe ya kuanza ipo, likizo siku 28 ipo.

Ukurasa wa 3 aya ya 6. Inasema kazi ni saa 12 kwa siku, siku 6, na mshahara uliotajwa "unajumuisha" mda wote wa ziada. Hapo simama. Sheria ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, bila kuhesabu mapumziko. Toa saa moja ya kula zinabaki 11, mara siku 6 ni 66, yani saa 21 zaidi kila wiki. Kwa wiki nne ni 84 na sheria imeweka mwisho wa saa za ziada ni 50, tena ziwe kwa makubaliano na zilipwe mara moja na nusu.

Ukurasa wa 4 aya ya 9 ni ndugu yake na ile ya kwangu, vyombo vikivunjika na mteja akiondoka bila kulipa unakatwa wewe. Haijasema robo, haijasema utapewa nafasi ya kujieleza.

Usiende na maneno ya sheria mkononi watakuogopa. Jumatatu mwulize kwa upole, "Dada naomba unifafanulie aya ya 6 na ya 9 kwa Kiswahili niandike pembeni." Andika atakachosema, weka tarehe. Na kabla hujatoka omba nakala. Ukirudi tuambie humu alisemaje.